Mtaa mmoja kwa Jumamosi moja: kutembea Mji Mkongwe na watoto

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka saba aliponiuliza: Darajani kuna daraja gani? Tulikuwa tumesimama kusubiri daladala, mfuko wa samaki mkononi, jua la saa sita kichwani. Nikamwambia daraja lilikuwepo zamani. Akauliza tena: lilikuwa juu ya nini, na maji hayapo? Mimi ni mzaliwa wa Ng'ambo, na nimemchukua mtoto huyu mjini mara zisizo na idadi kununua viatu, vitambaa na kitoweo. Sikuwahi hata siku moja kumchukua kuutazama mji wenyewe.

Jibu nilimpa baadaye, baada ya kuuliza wakubwa. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu uzungukwe na maji pande zote: huku bahari, na kule mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kupwa. Mtu akivuka mkono ule alikuwa amekwenda ng'ambo, na ndiko jina la Ng'ambo lilikotoka. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo mpaka yakamalizika katika karne ya 20. Barabara ikapita palipokuwa maji, daraja likaondoka, jina likabaki.

Tangu hapo tunatembea, miaka kadhaa sasa. Haya ninayoyaandika ni kwa wazazi wenzangu wanaoishi hapa Unguja, na kwa ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Dar es Salaam, Maskati au London na watoto ambao mji huu wanausikia kwa bibi tu.

Hatua ya kwanza: chagua mtaa mmoja, acha mingine

Kosa letu la mwanzo lilikuwa tamaa. Tulitaka kwa jioni moja tuone Ngome Kongwe, Hamamni, kanisa la Mkunazini, Minara Miwili (kanisa la Wakatoliki) na kumalizia Forodhani. Mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, alilala begani mwangu kabla hatujafika Minara Miwili, na dada yake alibaki kuuliza tutakula lini. Usiku nilipowauliza wameona nini, wakaniambia wameona paka. Na kweli paka walikuwa wengi.

Mji huu ni mdogo. Mtu mzima mwenye haraka anaweza kuukata kwa miguu kutoka Darajani mpaka Shangani kwa robo saa. Udogo huo ndio unaotudanganya tukadhani unamalizika kwa siku moja. Mtaa mmoja unatosha: Kiponda Jumamosi hii, Malindi ijayo. Saa moja na nusu ya kutembea na kusimama ni nyingi kwa mtoto wa miaka mitano. Akianza kuburura miguu, rudini nyumbani hata kama kona iliyobaki ni moja. Kona ile itakungojeni.

Kabla hamjaondoka, tandika karatasi moja kubwa sakafuni. Chora mstari wa bahari na mstari wa barabara ya Darajani, basi. Ndani yake pawe peupe. Kila mkirudi, watoto watajaza mtaa mliotembea. Karatasi hii ina kazi kubwa kuliko ramani yoyote utakayoinunua.

Hatua ya pili: saa

Watoto wengi wana chuo cha Kurani asubuhi za mwisho wa wiki, kwa hiyo sisi hutoka baada ya sala ya alasiri, kwenye saa kumi na nusu. Vichochoro vinakuwa vimeshaingia kivuli, maduka yanafunguliwa tena, na watu wanaanza kutoka kukaa barazani. Mnaoweza asubuhi, tokeni saa moja, wakati mikate inatoka motoni na wauza samaki wanapita. Saa sita mpaka saa tisa msijaribu. Kuta zinatoa joto kama tanuri, na mji wenyewe umelala.

Miezi mizuri ni ya kipupwe, Juni hadi Septemba. Masika yana taabu yake, lakini mvua nayo ina somo lake, nitalieleza mbele.

Vya kubeba ni vichache: maji, kofia, kitambaa cha kujifutia, hela ndogo ndogo, na kitambulisho chako, maana sehemu zenye kiingilio humtoza mwenyeji kidogo kuliko mgeni. Haja zote zimalizwe nyumbani. Viatu viwe vya kushika vizuri, kwani mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza.

Hatua ya tatu: adabu kwanza

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo wengi wetu tumeanza kuuona kama makumbusho. Siyo makumbusho. Ni nyumba za watu. Pale mnapopiga picha mlango, nyuma yake kuna mama anapika na mtoto anafanya kazi ya skuli.

Kwa hiyo watoto wangu wana sharti tatu. Anayekaa barazani husalimiwa kabla hajatazamwa: shikamoo kwa mkubwa, na salamu aleikum kwa wote. Picha ya mtu haipigwi bila ya kuombwa, na picha ya ndani ya nyumba haipigwi kabisa. Adhana ikisikika, sauti zinashuka na mlango wa msikiti haukaliwi. Misikiti humu ni mingi sana, mingine haina mnara wala alama, utaujua kwa viatu vilivyopangwa nje tu.

Salamu ina faida usiyoitarajia. Kiponda, mzee mmoja aliyekuwa amekaa na tasbihi yake aliwaitikia watoto wangu "marahaba," kisha akawauliza wao ni wa nani. Walipotaja jina la babu yao, akanyanyuka, akatupeleka nyumba tatu mbele, akatuonyesha baraza ambayo babu huyo alikuwa akikaa kucheza bao. Mimi mwenyewe nilikuwa siijui. Mwongozaji wa kulipwa hawezi kukupa kitu kama hicho.

Njiani kuna vespa, baiskeli na magari ya hamali. Amri ni moja, nasi tuliifanyia mazoezi ukumbini kabla ya kutoka: ukisikia honi au kengele, mgongo ukutani. Watoto wanaipenda kama mchezo, na inawaokoa vidole vya miguu.

Hatua ya nne: wafundishe kutazama ukuta

Mtoto haoni jumba kwa kuambiwa "hili ni jumba la kale." Anaona kitu kidogo alichokigusa. Anzeni na ukuta.

Tafuteni pahala palipobanduka lipu. Pako pengi, kwa masikitiko. Mwambie mtoto asogeze uso karibu kabisa. Siku ile mwanangu wa kiume aliweka kidole kwenye jiwe akaniambia, "Mama, hapa kuna ua." Lilikuwa tumbawe: duara ndogo yenye mistari imetoka katikati kama miali, ukubwa wa kifungo cha shati. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha kombe. Ukuta mzima ulikuwa bahari. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo kwenye rundo la kuni mpaka yawe unga. Mtoto aliyeona ua lile hupita akipapasa kuta zote mpaka Malindi, na ukimwacha apapase hutaharibikiwa na kitu ila mikono meupe.

Hapo hapo mweleze kwa nini lipu imebanduka. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu huingia na kutoka. Mtu akija kuuziba kwa saruji kwa kudhani anauimarisha, unyevu hunaswa ndani, na ukuta huoza taratibu huku nje unaonekana mzima. Mwanangu mkubwa sasa anaweza kukuonyesha wapi fundi ametia saruji na wapi ametia chokaa, na hukasirika kweli.

Kisha tazameni juu. Mkipata mlango wa duka ulio wazi, muombeni mwenyewe mtazame dari. Mtaona magogo membamba yamepangwa sambamba: boriti za mikoko. Mkoko haurefuki bila kikomo, na boriti haiwezi kuvuka chumba kipana bila ya kupinda. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi vinaweza kuwa virefu sana lakini ni vyembamba. Mwambie mtoto apime kwa hatua zake upana wa duka, halafu urefu. Wetu alipima hatua tano kwa kumi na moja. Mti ndio uliopanga nyumba. Na boriti kama hizi kutoka pwani yetu zilipakiwa kwenye majahazi mpaka Oman na nchi za Ghuba, zikaezekwa huko, kwa hiyo ndugu zetu wa Maskati nao wana vyumba vyembamba vya kupima kwenye nyumba zao kongwe.

Milango ndiyo kila mtu anaisifu, nami sitaacha kuisifu. Lakini mtoto akionyeshwa milango ishirini atachoka. Muonyeshe miwili tu, tofauti zake azikamate. Mlango wa Kiarabu juu yake umenyooka, na mara nyingi una maandishi yaliyochongwa. Mlango wa Kihindi una upinde juu na vipande vidogo vidogo vya mbao kama visanduku, na misumari ya shaba imetokeza. Misumari ile asili yake ni Bara Hindi, ambako ilikuwa kinga ya tembo wasivunje mlango. Unguja hakuna tembo, ikabaki pambo na fahari. Gogo la katikati ambalo mbao mbili hukutania linaitwa mfaa. Mfundisheni jina, asijue kusema "mlango" tu. Kwenye miimo watafute samaki, mnyororo, mtende na ua la yungiyungi. Wachongaji walivipa maana: samaki na mtende kwa neema na wingi wa riziki, mnyororo kwa usalama wa nyumba.

Na hapa chuo kinaleta matunda. Binti yangu alisimama chini ya mlango mmoja akinyoosha shingo, akaanza kuunganisha herufi kwa sauti kama anavyofanya mbele ya ustadhi wake: "Haa-dhaa... min... fadhli... Rabbii." Haya ni katika fadhila za Mola wangu. Akanigeukia macho yamemtoka. Alikuwa anayajua maneno hayo, ila hakudhani kwamba mlango nao unaweza kusomwa.

Hatua ya tano: njia tatu za kuanzia

Ya kwanza ni Darajani mpaka Hamamni. Anzieni sokoni, jengo la mwaka 1904. Wapitisheni kwenye samaki haraka na kwenye viungo polepole. Kila mtoto achague kimoja cha kunusa akiwa amefumba macho. Ingieni Mkunazini, kisha fuateni vichochoro mpaka Hamamni. Hapa pana hamamu zilizojengwa enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa ajili ya watu wa mji kuoga. Ndani ni baridi na sauti inarudi; watoto wataimba watake wasitake. Njiani chezeni mchezo wa majina. Mkunazini palikuwa na mti gani? Sokomuhogo waliuza nini? Forodhani kulikuwa na nini? Mtoto anayejua Kiswahili anabeba nusu ya historia ya mji huu mdomoni bila kujua. Mkifika mtaa wa Kajificheni waacheni wajifiche, kisha muwaite.

Ya pili ni Kiponda mpaka Mizingani. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu wageni ni wachache na watu wake wanaongea. Tokeni Kiponda kuelekea Malindi mkautafute msikiti wenye mnara mfano wa pia iliyosimamishwa, wenye mistari ya kupinda pinda mwilini. Minara ya namna hii ni ya kuhesabu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tokezeni baharini kwenye Dispensari ya zamani, jumba lenye roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi, lililojengwa kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Ujenzi ulianza 1887 na kumalizika 1894. Kaeni upande wa pili wa barabara, mwape watoto penseli, kila mmoja achore roshani moja. Dakika ishirini zitapita kimya. Mkitembea na bahari kulia mwenu mtafika Mti Mkubwa, ambao kila nahodha anaujua.

Ya tatu ni Forodhani na Shangani, na hiyo ifanyeni jioni. Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ndiyo nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa matengenezo na mafundi wawili wakafariki. Nilipita na watoto baada ya hapo, tukasimama kwenye uzio bila ya kusema. Msiwafiche. Mtoto anapaswa kujua kwamba jumba kubwa kama lile linaweza kuanguka mbele ya macho yetu, na kwamba kulihifadhi ni kazi ya mikono na fedha.

Hapo hapo mbele ya kasri simulieni vita vya 27 Agosti 1896. Sultan Hamad amefariki, Khalid bin Barghash ameingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, manowari zimejipanga baharini, na muda waliompa unaisha saa tatu asubuhi. Mizinga ikapigwa. Dakika zinazotajwa sana ni 38, na kasri likawa kifusi, mamia ya watu wakafa. Vita vimekwisha kabla mchuzi wa mchana haujachemka. Watoto hutaka kujua Khalid alikwenda wapi: alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam.

Ngome Kongwe ilianza kujengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoka. Waambieni watoto kwamba karibu na hapo ndipo treni ilipokuwa ikianzia. Ndiyo, Unguja ilikuwa na treni! Ilianza safari 1905, ikipita mjini mpaka Bububu. Mwanangu mdogo mpaka leo anaitafuta reli yake chini ya lami. Malizeni kwa kupita chini ya lile jengo ambalo barabara imepita tumboni mwake, mnapoelekea Shangani. Wapige ukelele mmoja tu, kisha watulie.

Hatua ya sita: Mkunazini, na maswali yake

Kanisa la Mkunazini halipitwi kama jengo jingine. Palipo kanisa palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliosimama, vichwa vimetokeza tu, minyororo shingoni. Ziliwekwa 1998 na minyororo ni ya kweli.

Mimi sikuwapeleka mpaka mdogo alipotimiza miaka saba, na naona nilifanya sawa. Chini ya umri huo mtoto ataona minyororo na kuiota usiku, bila ya kuelewa. Mkienda, msiunganishe na matembezi mengine wala msipitie Forodhani baadaye kula. Siku hiyo iwe ya Mkunazini peke yake.

Maswali yatakuja, na yatakuwa makali kuliko unavyotaka. Wangu waliuliza: nani aliwauza? Niliwajibu kwa ukweli wa kadiri yao. Kulikuwa na watekaji bara, wenye misafara mpaka maziwa makuu, matajiri waliokopesha fedha za misafara, wenye mashamba ya karafuu waliotaka mikono ya kufanya kazi, na wanunuzi wa ng'ambo, wakiwemo Wazungu. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Na kufungwa soko hakukumaliza utumwa; hapa Unguja na Pemba ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897 tu. Binti akauliza tena: sisi tulikuwa upande gani? Nikamwambia ukweli ninaouamini, kwamba Waunguja wengi tukifuatilia nasaba zetu tutakuta pande zote mbili. Alinyamaza njia nzima.

Kuna jambo dogo ndani ya kanisa linalowarudishia watoto pumzi: nguzo kadhaa zimesimama kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyeandika sarufi ya lugha yetu, alisafiri, na mafundi wakaziweka walivyodhani ni sawa. Alipokuta, akaziacha.

Mkiwa na ndugu kutoka nje

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji zilitaifishwa, na familia nyingi zikaondoka, zikabaki na picha na majina ya mitaa. Leo wajukuu wao wanarudi likizo, wanataka kuonyeshwa "nyumba ya babu." Haki yao kuiona. Lakini nyumba ile ina wenyewe sasa, nao wameishi humo miaka, wamezaa humo, wana makaburi yao Mwanakwerekwe.

Nilimpeleka binamu yangu wa Maskati na watoto wake. Nilimuomba mambo mawili: tusisimame nje kunyoosha vidole, na tupige hodi na kitu mkononi. Tulinunua halua na boflo. Mama aliyetufungulia alisikiliza, akatukaribisha, akawapandisha watoto mpaka juu kwenye sehemu ya kuanikia. Binamu aliiona mikanda ya dari aliyokuwa akisimuliwa na mama yake, akalia. Yule mama naye akalia. Kama wangetukatalia, tungeshukuru na kuondoka, na watoto niliwaambia hivyo kabla ya kugonga.

Bibi au babu akiwa na nguvu, msimwache nyumbani. Mchukueni kwa kigari kama magoti yanamsumbua, mkae naye baraza moja tu, na asimulie anachokumbuka. Msimkatishe kwa kusahihisha miaka.

Kula

Njaa ndiyo inayovunja matembezi. Kati kati ya njia simameni mara moja, siyo mara nne. Urojo kwa wakubwa, kachori na bajia kwa wadogo, pilipili pembeni. Maji ya miwa yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi yanamfufua mtoto aliyechoka kuliko soda. Ubuyu uwe wa kubeba nyumbani. Ukiwapa njiani, mikono na nguo zote nyekundu, na ukuta wa watu pia.

Forodhani usiku ni sherehe, ila ulizeni bei kabla ya kukaa, hata kama mnazungumza Kiswahili safi. Fikeni kabla ya magharibi muwaone vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani, wengine wakipinduka hewani mara mbili. Mshike mtoto mkono kweli kweli, maana ukuta ule hauna kizuizi na kila mtoto anadhani anaweza.

Kupotea, na mvua

Mtapotea. Msiogope, na simu iacheni mfukoni. Fuateni njia moja bila ya kukata kona nyingi na mtatokea ama baharini ama kwenye barabara ya Darajani; hakuna pengine pa kutokea. Sisi tuna zamu: kila wiki mtoto mmoja ndiye kiongozi, na akipotea ni lazima aulize njia yeye mwenyewe, kwa salamu. Mdogo aliyekuwa akijificha nyuma ya nguo yangu, leo anamsimamisha mtu mzima na kumwambia, "Shikamoo, samahani, tunataka kutokea Sokomuhogo."

Mvua ikikukuteni, pandeni juu ya baraza. Mabaraza marefu ya mawe yaliyoambatana na nyumba hayakujengwa kwa mazungumzo tu. Njia ikijaa maji, watu hupita juu yake, kutoka nyumba hadi nyumba, miguu mikavu. Wacheni watoto wavuke mtaa mzima hivyo. Huo ndio utumizi wake, na hakuna maelezo yatakayoushinda.

Msisahau Ng'ambo

Mkishazoea mji, vukeni barabara. Historia haikuishia Darajani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akaja mjini akiuza vyungu, akaishi Ng'ambo, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Majumba marefu ya Michenzani yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wazee waliohamia humo mara ya kwanza wapo, wanakumbuka walivyopanda ngazi na mikeka yao. Wakimaliza kuulizwa habari za masultani, watoto wawaulize na hawa.

Mkirudi nyumbani

Kabla ya kulala, karatasi sakafuni. Msiwaongoze. Mwanangu alichora msikiti wa Malindi mkubwa kuliko bandari, na duka la ubuyu akalipa rangi ambayo Beit el Ajaib haikupewa. Andikeni tarehe pembeni, na jina la mtu mmoja waliyezungumza naye. Yetu imeshaungwa kwa gundi mara tatu, imetoka sakafuni imehamia ukutani kwa mapana. Vuga pameandikwa neno moja tu, "popo," kwa ajili ya mti mmoja tuliousimamia jioni. Funguni bado peupe. Jumamosi hii, mvua ikituruhusu, ndiko tunakokwenda, na zamu ya kuongoza ni ya mdogo.